Mzee Aliyeomba Gumegume

Mdogo wangu Mahlon alipofungua mdomo na kusema anataka ini la kulungu, mkewe Lovina aliangua kilio cha furaha. Zilikuwa wiki nyingi hajataka kitu. Uji alikuwa akiusukuma, supu ya kuku akiigeuzia uso. Hata nyama ya nguruwe na kabichi chachu, ambayo kwetu Pennsylvania kila nyumba huila siku ya Mwaka Mpya ili mwaka uwe wa heri, aliitazama tu mpaka ikapoa. Sasa, mchana wa siku ya mwisho ya msimu wa kuwinda, anataka ini. Lisiive sana, alisema. Liletwe lingali moto.

"Shemeji, bado umekaa tu?" Lovina akaniambia huku akijifuta machozi kwa aproni. "Unangoja kulungu aje abishe hodi?"

Nikacheka, nikaenda kuvaa buti.

Msimu huo wa mwisho, ule wa baada ya Krismasi, sheria yetu hairuhusu bunduki nyingine ila ya gumegume. Unamimina baruti kwa mdomo wa mtutu, unashindilia risasi moja kwa ufito mrefu uitwao mdeki, na kipande cha jiwe ndicho kinachogonga chuma na kutoa cheche. Una mlio mmoja. Ukikosa, kulungu ameshafika kwa jirani kabla hujamaliza kupakia tena. Kwa hiyo wenye akili zao hukaa ndani wakatazama televisheni. Sisi wengine tunapanda mlima, pua zinatiririka, na tunasema tunastarehe.

Ila siku hiyo sikuwa nikienda kustarehe. Mahlon alikuwa anakufa na kila mtu nyumbani alijua.

Ilianza wakati majani ya mwaloni yanapodondoka. Mahlon, mtu aliyekuwa akibeba gunia la viazi kila kwapa huku anapiga mluzi, akaanza kuamka amechoka kuliko alivyolala. Akakonda. Akapata kikohozi kikavu, mara tatu tatu, kama mtu anayegonga ubao. Daktari wa mjini alimpima damu, akampiga picha za kifua, akasema haoni kitu. Na mbwa wetu, ambaye jina lake ni Maji, maana huku husemwa mbwa aliyeitwa Maji hawezi kurogwa, akaanza kumngurumia Mahlon kila asubuhi. Mchana anamlamba mikono. Asubuhi anamngurumia.

"Kaka," Mahlon aliniambia siku moja, akininong'oneza ili mkewe asisikie. "Kuna kitu kinanipanda usiku. Kinakaa mgongoni. Kinanikimbiza mpaka kuche."

"Ndoto hizo."

"Mbona miguu inaniuma?"



Basi siku moja kabla ya hiyo ya ini tulimwita Shangazi Alverta, dada yake marehemu baba. Huyu ndiye anayejua maombi ya zamani na uzi mwekundu. Alimpima Mahlon kwa uzi kutoka utosini hadi kisiginoni, akanong'ona maneno yake, akakata uzi, akamfunga kipande kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Halafu akaketi karibu na jiko la kuni, akavua miwani.

"Huyu amepandwa," akasema. "Kuna anayemfanya farasi. Nimekata hatamu zake. Sasa nisikilizeni vizuri, nyinyi vichwa vigumu. Tangu sasa mpaka jua la kesho lizame, kitu chochote kisitoke mkononi mwa mtu wa nyumba hii kwenda kwa mtu mwingine. Si chumvi, si kiberiti, si sindano. Mwenye kazi yake atakuja kuazima. Ni lazima aje. Akipewa, hatamu zinaungana tena. Akinyimwa mpaka jua lizame, kwisha habari yake."

"Tutamjuaje?" Lovina akauliza. "Atakuja na sura gani?"

"Ya mtu unayemwonea huruma."

Usiku huo tulifunga mlango kwa komeo na kiti juu yake.

Asubuhi, hodi. Ni Bi Minerva, jirani yetu, mjane, amevaa koti la mume wake aliyekufa, kikombe mkononi.

"Lovina mwanangu, naomba sukari kidogo. Naoka keki, nimeishiwa."

Lovina alikuwa na ufagio. Mimi nilikuwa nyuma yake, mwanamume mzima, na chuma cha kuchochea moto mkononi.

"Toka!" Lovina akapiga kelele. "Toka barazani kwangu! Nenda kaoke na shetani wako!"

"Jamani! Sukari tu..."

"Tena usirudi!"

Kidevu cha Bi Minerva kilitetemeka. Akageuka, akashuka ngazi polepole, ameshika ukuta kwa kuogopa barafu. Nilimwonea huruma, na kwa sababu nilimwonea huruma nikawa na hakika kabisa kwamba ni yeye. Lovina akanitazama, mimi nikamtazama, tukacheka kwa kuhema. Mchawi keshakuja. Keshanyimwa. Na ilipofika mchana Mahlon akasema anataka ini, tukaona ni yale yale ya Shangazi, dawa imeshika.

Sasa unaelewa kwa nini nilipanda mlima nikiwa nimelegeza moyo. Nilidhani hatari imebaki nyuma yangu, inalia jikoni kwake bila sukari.

Nilikwenda mpaka kwenye mwaloni ambapo njia ya kulungu inashuka kutoka kwenye misonobari. Nilipakia bunduki taratibu, kama baba alivyonifundisha: baruti, kitambaa chenye mafuta, risasi, mdeki. Nikatia baruti laini kwenye kibakuli kidogo kando ya tundu la kupitishia moto, nikafunika. Nikakaa, mgongo kwenye shina.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea upande wa pili wa mlima. Theluji ya juu ilikuwa imeganda, ngumu, hata kindi akipita unamsikia. Hakukuwa na kindi. Hakukuwa na ndege. Nilimwomba Mungu anipe mnyama mmoja tu, jike, dume, hata mzee asiye na meno. Nilimwona Mahlon akila. Nilitaka sana kumwona akila.

Halafu nikasikia harufu.

Sufu iliyoloa. Na ndani yake kitu kingine, kama nywele zilizogusa jiko.

"Kijana."

Nusura nipige yowe. Alikuwa amesimama mbele yangu, karibu kiasi cha kuweza kumgusa kwa mdeki. Mzee. Koti la sufu la kijivu mpaka magotini, kofia imeshuka kwenye nyusi, mabega yana theluji. Mkononi ana bunduki ya gumegume ya kale kuliko yangu, mti wake umeliwa na wadudu.

Sikuwa nimemsikia akija.

"Shikamoo, mzee," nikasema. 

Hakuitikia. Akainua bunduki yake akanionyesha. Mdomo wa chuma unaoshika jiwe ulikuwa mtupu.

"Jiwe langu limevunjika," akanong'ona. "Siku ya mwisho, na jiwe langu limevunjika. Nyumbani wananingoja. Una la ziada?"

 Nilimwonea huruma.

Sasa nikuambie sheria yetu sisi wa gumegume. Si ya serikali. Baba yangu alitufundisha tangu tukiwa tunabebewa bunduki, kwamba mtu akikuomba jiwe porini, mpe kabla hajamaliza kuomba, maana kesho utakuwa wewe. Hakuna aliyepata kumnyima mwenzake jiwe kwenye mlima huo. Ungemnyima, jina lako lingefika kijijini kabla yako na hakuna ambaye angekaa nawe meza moja. Jambo hilo halifikiriwi. Mkono unakwenda wenyewe.

Mkono wangu ukaenda wenyewe. Ukaingia kwenye mfuko wa ngozi, ukatoka na jiwe, ukamwekea kiganjani.

Kiganja kilikuwa kikavu. Baridi yake ilinipanda mpaka kwenye kiwiko.

"Chukua tu, mzee. Zawadi."

"Hapana," akasema haraka. "Si zawadi. Sema ni la kuazima."

"Ah, mzee, jiwe tu..."

"Sema."

"Haya. La kuazima."

Akatabasamu. Meno yake yalikuwa madogo, yamesagika, meno ya mnyama wa kutafuna.

"Umenifaa. Nami nitakufaa. Usiondoke hapo. Nitakuswagia mmoja."

Akaingia kwenye misonobari. Nikabaki nimekaa. Nikavuta pumzi, nikaitoa, nikaona mvuke wa pumzi yangu ukipanda mbele ya macho.

Ndipo nikakumbuka kwamba yeye hakuwa akitoa mvuke.

Nikatazama chini. Alama za buti zake zilikuwepo, zinaondoka. Zilianza pale alipokuwa amesimama mbele yangu. Za kuja hazikuwepo.

Nikatazama jua. Lilikuwa bado. Lilikuwa bado liko juu ya mlima, jekundu, zima.

Bi Minerva... Bi Minerva alikuwa anataka sukari. Alikuwa anaoka keki.

"Mungu wangu," nikasema. "Mungu wangu, nimetoa."

Nilitaka kukimbia kumfuata, na miguu ikakataa. Nakwambia kweli, sijapata kuogopa vile. Nilijaribu kujidanganya. Nikasema, ni mzee wa watu, mwindaji kama mimi, ana wajukuu wanangoja nyama. Nikasema, Shangazi alizungumzia nyumba, hakuzungumzia msitu. Lakini alisema mkono. Nilikuwa nakumbuka vizuri kabisa kwamba alisema mkono.

Tk.

Tk. Tk.

Kwato kwenye theluji ngumu. Zinatoka kwenye misonobari.

Alikuwa kulungu asiye na pembe. Amekonda, mbavu unaweza kuzihesabu, povu mdomoni, mwili mzima unafuka jasho kwenye baridi ile kama aliyekimbizwa tangu mbali. Akaja moja kwa moja. Akasimama mbele yangu, ubavu wazi, umbali wa chumba kimoja tu. Akanitazama.

Kulungu hafanyi hivyo. Kulungu akikuona anakimbia.

Lakini mimi nilikuwa nimepanda mlima kutafuta ini, na mwindaji ana ujinga wake. Bunduki ilikuwa begani kabla sijaamua. Nikavuta.

Pssh!

Baruti ya kibakuli iliwaka, moshi ukanipiga usoni, na bunduki haikulia. Hutokea hivyo. Tundu linaziba, moto wa nje haufiki ndani. Nikangoja, mtutu nimeuelekeza pale pale. Moshi ukaondoka.

Kulungu alikuwa bado amesimama.

Nikachukua sindano ya waya, nikazibua tundu, nikamimina baruti laini mara ya pili. Nusu ya baruti ilianguka kwenye theluji. Nikafunika. Nikainua.

Kulungu akakohoa.

Mara tatu. Kikavu. Kama mtu anayegonga ubao.

Nilihisi nywele zikisimama chini ya kofia. Nikateremsha macho polepole, sitaki kuona, huku nikijua nitakachokiona. Kwenye mguu wa mbele wa kushoto, juu kidogo ya kwato, palikuwa na uzi.

Mwekundu.

"Mahlon," nikanong'ona.

Masikio yake yakageukia sauti yangu.

"Piga," akasema mtu nyuma ya shingo yangu. Harufu ya sufu na nywele zilizoungua ikanijaa puani. "Piga, kijana. Si ini analotaka?"

Sikuwa nimemwambia habari za ini. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote.

"Siwezi," nikasema. Nilikuwa nalia. "Huyo ni ndugu yangu."

"Basi nitapiga mimi. Nina jiwe sasa."

Nikasikia nyundo ya bunduki yake ikivutwa nyuma.

Klik.

Ninachojua ni kwamba nilikuwa na mlio mmoja, na baruti nusu tu kwenye kibakuli, na jua bado halijazama. "Nirudishie jiwe langu," nikasema. Akacheka, kicheko kidogo cha puani. "Nirudishie!" nikapiga kelele. "Ni langu! Nirudishie!"

"Kukopa harusi, kijana," akasema. "Kulipa..."

Sikumngoja amalize. Nikageuka na bunduki kiunoni nikavuta.

Ililia. Ililia hata bonde zima likaitikia. Moshi mweupe ukajaa kati yetu, mzito, wenye harufu ya yai bovu, na nyuma ya moshi nikasikia kitu kikianguka. Halafu kwato, mbio, mbio, zinashuka mlima.

Moshi ulipoisha hapakuwa na mzee. Hapakuwa na damu, wala koti, wala bunduki. Theluji ilikuwa laini pale kama iliyofagiliwa.

Nilichofanya baada ya hapo nilikifanya bila kufikiri, kwa sababu nimekifanya maisha yangu yote, na baba kabla yangu, na baba yake. Ukishapiga bunduki ya kushindilia, unaweka mdomo kwenye mtutu unapuliza, ili cheche iliyobaki ndani ife kabla hujatia baruti nyingine. Vijana wa siku hizi wanatushangaa. Sisi hatujui namna nyingine. Nilitaka kupakia upesi, asije akarudi.

Nikapuliza. Moshi ukatoka kwenye tundu, kama kawaida.

Nikapuliza tena.

Halafu bunduki ikanipulizia mimi.

Pumzi. Ya moto, yenye unyevu, ndefu. Ilitoka ndani ya mtutu ikaingia kinywani mwangu, ikashuka kooni, ikafika kifuani, na haikutoka. Nilionja sufu. Nilionja nywele. Nikaitupa bunduki kwenye theluji na kuanguka nayo, nikajitapisha kwa kidole, nikatapika kahawa na mate tu.

Niliiacha pale. Nikakimbia.

Alama za kwato zilikuwa mbele yangu, miruko mirefu, zinashuka njia ile ile niliyopandia. Zikapita kijito. Zikaruka ua wa shamba letu. Zikavuka bustani. Kwenye banda la kuni zikabadilika. Nilisimama nikazitazama. Toka pale mpaka mlango wa nyuma zilikuwa nyayo za mtu, peku.

Lovina alikuwa kizingitini, uso mweupe.

"Shemeji, ni wewe uliyepiga bunduki?"

"Yuko wapi?"

"Ndani. Alilala mara tu ulipotoka, usingizi wa maiti. Namtikisa, namwita, wapi! Nikatoka kidogo, kidogo tu, kuchukua kuni. Bunduki ikalia. Kurudi nakuta ameketi kitandani anapiga mayowe."

Mahlon alikuwa amejifunika blanketi mpaka mabegani. Macho yake yalikuwa macho yake, kwa mara ya kwanza tangu majani yadondoke. Nikafunua blanketi miguuni. Nyayo zilikuwa nyekundu kwa baridi, zimelowa, na kati ya vidole palikuwa na sindano za msonobari. Uzi mkononi haukuwepo. Palikuwa na mstari mwembamba tu, kama wa kuungua.

"Kaka," akasema. "Nina njaa. Kuna mkate?"

Akala mkate mzima na jemu ya tufaha. Nilimtazama akila huku nalia, na dirishani jua likazama.

Shangazi Alverta alikuja kesho yake. Hakumtazama Mahlon hata kidogo. Alinitazama mimi.

"Ulitoa nini?"

Nikamweleza yote. Jiwe, kulungu, uzi. Alitikisa kichwa kwa yale yote kama anayesikia habari za zamani. Nilipofika kwenye ini akanizuia.

"Mahlon hali ini. Tangu utotoni alikuwa akimpa mbwa chini ya meza, na mama yenu anajifanya haoni. Aliyetaka ini si Mahlon." Kisha akauliza, "Na ukishapiga, ulipuliza mtutu?"

"Ndiyo."

Akanitazama kifuani.

"Shangazi, kwani vipi?"

"Mpanda farasi akiangushwa," akasema, "huwa harudi kwao kwa miguu."

Hakusema zaidi siku hiyo, akaondoka bila hata kunywa kahawa. Mzee yule ni nani, mpaka leo hakuna anayejua. Wengine wanasema zamani kulikuwa na mwindaji aliyekufia mlimani kwa baridi, bunduki yake ina jiwe lililovunjika, na waliompita walikataa kumpa la ziada, na ndiko ilikotoka sheria yetu. Wengine wanasema hiyo ni hadithi ya kutishia watoto. Bi Minerva hatusalimu. Nilimpelekea mfuko wa sukari kumwomba radhi, akaupiga teke ukashuka ngazi, na ana haki.

Mahlon alipona. Masika yalipofika alikuwa anabeba magunia. Mwaka ukapita, tukaanza kusahau, Lovina akarudi kuimba jikoni.

Majani ya mwaloni yalipodondoka, nikaanza kuamka nimechoka.

Sikumwambia mtu. Nikajisemea ni umri. Halafu asubuhi moja Maji alikuja kitandani kwangu kama anavyokuja kila siku, akanusa mkono wangu, akarudi nyuma, akaonyesha meno. Hapo nikajua, nikamwita Mahlon nikamwambia. Akanibeba yeye mwenyewe mpaka kwa Shangazi, mgongoni, maana nilikuwa nimekwisha kuwa mwepesi.

Shangazi alisema iko njia moja. Siku ya mwisho ya msimu, mahali pale pale, mzee atakuja tena kuazima. Mtu wa damu yangu akae chini ya mwaloni ule na amnyime mpaka jua lizame. Asimpe kitu. Na mimi nisilale, maana hapati farasi mpaka farasi alale.

Leo ndiyo siku ya mwisho.

Mahlon amepanda mlima tangu mchana. Nilimshika koti. "Usimpe hata salamu," nikamwambia. "Na ukimwona kulungu asiyekimbia, weka bunduki chini. Umesikia?" Akasema, "Kaka, nakuapia." Namwamini. Lakini namjua pia. Mahlon ndiye aliyempa mlevi wa barabarani koti lake katikati ya baridi. Mahlon hajapata kumnyima mtu kitu tangu azaliwe. Na sijui huyo mzee atamjia na sura ya nani. Naogopa atamjia na yangu.

Lovina amekwenda kuchukua kuni. Ndiyo maana amekuomba ukae nami, na ndiyo maana nimekusimulia maneno yote haya, kwa sababu nikisema silali. Nimekunywa kahawa birika zima. Jana sikulala, juzi sikulala. Tazama dirishani, uniambie. Jua limegusa mlima? Bado? Basi usikae kimya hivyo. Nipige kofi. Niulize kitu, chochote. Niulize jina la mama yangu. Niulize tulikula nini Krismasi. Niulize...